Nafasi ya Jina Moja

Mwezi uliopita nilikwenda Kahama kwenye sherehe ya kuliaga shirika dogo nililolifanyia kazi mwaka mmoja nikiwa binti. Wafadhili wake, watu wa ng'ambo, wamezeeka, wengine wamekufa, na watoto wao hawakupenda kuendelea. Wamefunga. Walikodi ukumbi kule Nyahanga, wakavisha viti vya plastiki vitambaa vyeupe, wakapika pilau, wakawaita waliosomeshwa kwa miaka yote, pamoja na sisi tuliowahi kuandika majina yao. Kijana mmoja mwenye suti ya kijivu alishika kipaza sauti, akasema kadiri miaka ilivyokwenda shirika lilijifunza kwamba huwezi kumsaidia mtoto mmoja huku ndugu zake wanamtazama, ndiyo maana likabadilisha utaratibu na kuanza kusaidia kaya nzima. Watu wakapiga makofi. Mikono yangu ilibaki juu ya sahani. Hakusema uongo yule kijana, ila alisema kama mtu anayesimulia kwamba mvua ilinyesha juzi, bila kutaja nani alilowa. Meza ya mbele alikaa Kulwa, siku hizi ni muuguzi, mama wa watoto watatu. Alikuja kunisalimia, "Shikamoo, dada Esta," akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikamuuliza pacha wake, Doto, yuko wapi. Akatazama pembeni kidogo. "Doto hakualikwa, dada. Jina lake halimo."

Mwaka niliofanya kazi pale nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo yakanifungia mlango niliokuwa nautaka, na shirika likanichukua kwa sababu Kiingereza changu kilisomeka. Nilipanga chumba kwa Mama Neema, karibu na mashine ya kukoboa mpunga, na pumba zilikuwa zinaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Nilizikuta kwenye mashuka, kwenye chai, kwenye nywele. Ofisi yenyewe, upande wa pili wa barabara, ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza, kabati la mafaili na ukuta wa picha za watoto, kila picha na namba chini yake. Cha nyuma kilijaa maboksi yaliyotumwa kutoka ng'ambo, masweta mazito ya sufu ambayo mtu wa Kahama akiyavaa mchana atadhaniwa anaumwa malaria. Meneja wetu alikuwa mwalimu mstaafu, Mwalimu Bundala, mtu mpole, msafi wa kola, aliyekunywa chai ya rangi saa nne kamili na kutafuna karanga moja moja. Siku ya kwanza alinikabidhi rundo la fomu. "Mtoto mmoja kwa kila kaya, binti," akaniambia. "Kikombe chetu ni kidogo. Tukiwamiminia wawili, hakuna atakayekata kiu." Nilikubali. Ilionekana ni busara, tena nilihitaji kazi.

Wiki ya pili ya Januari alinituma nyumbani kwa Mama Kulwa, mbele ya Nyahanga upande wa Buzwagi, mahali ambapo ukisimama uani unaona kilima cha kifusi cha mgodi kama mlima uliohamia usiku. Mama alikuwa ameanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya bati. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma changu kibovu, akacheka, akanivutia kigoda, akaniletea matobolwa na karanga kwenye sahani ya bati. Vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa vinataka meno na subira, na nilikuwa bado natafuna alipoingia ndani akatoka na karatasi mbili. Mapacha wake wote wawili walikuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, kwenye sekondari moja ya kata. "Wote wawili," akasema. "Kwenye ukoo wetu haijatokea." Wenyewe walikaa mlangoni, wasichana wa miaka kumi na minne, ungo mmoja wa karanga katikati yao, na walifanana hivi kwamba niliacha kujaribu kuwatofautisha.

"Shirika linachukua mmoja, mama," nikasema.

"Mmoja yupi?"

"Utakayemchagua wewe."

Kuku alipita juu ya michembe na mama hakumfukuza. "Niliwabeba pamoja, nikawazaa siku moja, nikawanyonyesha huku na huku," akasema mwishowe. "Leo unataka nikuambie yupi? Andika wewe mwenye kalamu."

Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja, jina la mtoto. Nikaandika Kulwa. Nimeulizwa sababu mara nyingi, na mimi mwenyewe ndiye niliyeuliza zaidi, lakini sikuwa nayo. Usukumani kila mtu husema Kulwa na Doto, hakuna anayesema Doto na Kulwa. Mkono uliandika kile ambacho mdomo umezoea. Mama aliangalia pembeni. Kulwa akaacha kumenya karanga. Doto alisema, "Sawa," akaendelea kumenya.

Kulwa alipata sare, viatu, madaftari, ada na kila mchango uliodaiwa na shule. Doto hakuripoti, na baada ya wiki chache jina lake likakatwa. Mwezi wa tatu nilikwenda shuleni kukagua mahudhurio. Kulwa alikuwa hajakosa hata siku moja. Nikamwita nje ya darasa, nikamkumbusha mazungumzo yetu ya jana yake, nilipomkuta njiani akilalamika kwamba kiatu cha kulia kinambana. Alinikodolea macho. Hakukumbuka njia, wala kiatu, wala mimi kumwambia lolote. Nikatazama miguu yake. Viatu vilikuwa vimemkaa vizuri kabisa. Nikatoka hapo moja kwa moja hadi nyumbani kwao, nikamkuta mwenzake anasuka ukili chini ya upenu wa nyumba. Alipojua kwamba nimejua, alisimama, akajifuta mikono, akaniamkia kwa heshima zote kama mtu anayesomewa shitaka.

"Leo ni Alhamisi," akasema. "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakwenda mmoja. Jumanne na Alhamisi anakwenda mwingine. Wiki inayofuata tunageuza."

"Na wanafunzi wenzenu?"

"Wanajua wote."

Wanafunzi karibu themanini kwenye darasa moja walijua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefungua mdomo. Mama Kulwa alinisihi nikae nile. Nilikaa. Alisonga ugali wa udaga wa muhogo, mweusi, mzito, na mlenda wenye karanga, nami nikakaa jikoni karibu na moshi jua likielekea kuzama. Pacha wa zamu aliporudi alivua sare, akaikung'uta, akaitundika ukutani, kisha wakakaa nyuma ya mlango na kipande cha mkaa. Niliwasikia bila kuwaona. Mmoja alifundisha yote aliyofundishwa siku hiyo, kwa sauti ya mwalimu, pamoja na kikohozi cha mwalimu, na mwingine aliuliza. "Kwa nini umegawanya hapo?" "Mwalimu kagawanya." "Mwalimu kakosea. Rudia." Mkaa ukakwaruza ubao. "Kweli, kakosea." Wakacheka. Sijawahi tena kusikia watu wakisoma namna ile, na nimefundisha miaka kumi na minane. Mama yao aliniuliza kwa sauti ya chini, "Utasema?" Nikamwambia sitasema. Akanishika goti, akanishukuru. "Wabeja, mayu. Wabeja sana." Niliondoka nikijiona mtu mwema, jambo ambalo sasa linaniudhi kuliko mengi, maana kunyamaza hakukunigharimu chochote. Ningeweza kumwendea Mwalimu Bundala keshoye na kumwambia: tazama walivyo hodari hawa watoto, ongeza mstari mmoja kwenye fomu. Nilihofia kupoteza kazi yangu. Nikaita woga wangu siri.

Kila baada ya miezi michache watoto walimwandikia mfadhili. Mimi nilikusanya barua, nikazitafsiri, tukatuma ya asili pamoja na tafsiri. Mfadhili wa Kulwa alikuwa mzee mmoja mstaafu na mke wake. Wengi wa wafadhili wetu walituma kadi ya Krismasi basi, lakini hawa wawili waliuliza kila kitu: karanga zinavunwa lini, mama anaumwa mgongo bado, yule kuku ametotoa. Barua ya kwanza aliiandika Kulwa, herufi za duara zilizosimama wima. Barua ya pili niliifuata shuleni siku ya Jumanne, na Jumanne ile ilikuwa ya Doto. Niliuona mwandiko umelala kulia kama nyasi zilizopigwa na upepo. Niliuona, nikaitia kwenye bahasha. Nilidhani watu wa mbali hawaangalii karibu. Mwezi wa saba yakaja majibu, na ndani yake nakala za barua zote mbili zikiwa zimewekwa sambamba. Waliandika kwa upole mwingi. Walikuwa na wasiwasi. Mwandiko wa Kulwa wetu umebadilika, je, mtoto ni mzima?

Mwalimu Bundala alizitazama zile nakala kwa muda mrefu. Alikuwa amesahihisha madaftari miaka thelathini, hakuhitaji kuelezwa. "Wale ni mapacha, siyo?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. "Na wewe ulijua." Nikasema ndiyo. Wiki hiyohiyo alikuwepo mgeni kutoka ng'ambo, Bi. Karin, mratibu wa wafadhili, mwanamke wa makamo aliyejifunza Kiswahili darasani na kukizungumza kwa uangalifu, kana kwamba kila neno ni yai. Tukakaa watatu kwenye chumba cha mbele, chini ya picha za watoto. Karanga za Mwalimu zilikuwa mezani na hakuna aliyezigusa.

"Ni watoto wazuri," akasema Bi. Karin. Macho yake yalikuwa mekundu, na ninaamini hakuigiza. "Lakini kuna familia nyingine zenye watoto wawili, watatu. Wao wamefuata kanuni. Tutawaambia nini?"

"Tuwaambie tumekosea," nikasema. "Tuwaulize wale wazee kama wanaweza kuwachukua wote wawili. Wanawapenda. Tuwaulize tu."

"Hatuwaombi wafadhili zaidi ya walichoahidi. Huo ni utaratibu wetu. Wengine watakimbia."

"Basi niandike mimi kwa jina langu."

"Binti," Mwalimu Bundala akanikatiza, bila ukali. "Kuna mawili hapa. Kanuni inasema udanganyifu unafuta ufadhili. Tunaweza kumwondoa Kulwa, wakakosa wote. Au Kulwa abaki peke yake, na shule ihakikishe anayeingia ni yeye. Mkuu wa shule hawezi kuwatofautisha. Mama yao hatasema. Wewe umeingia na kutoka kwenye nyumba ile. Wana alama gani?"

Niliijua. Doto ana kovu nyuma ya sikio la kulia, la uji uliommwagikia akiwa mdogo. Mama yao alinionyesha siku moja akimsuka, akinisimulia jinsi alivyolia yeye kuliko mtoto. Nilikaa pale nikisikia mashine ya mpunga ikinguruma upande wa pili wa barabara. Nilijiambia mmoja akisoma ni afadhali kuliko kukosa wote. Nilijiambia nikikaa kimya nimewafukuza wote wawili. Hesabu hiyo nimeirudia maisha yangu yote, na kila mara jibu linakuja lilelile, na kila mara nalikataa. Nikasema. Mwalimu Bundala akaandika kovu lile kwenye faili, mahali pa maelezo mengine, akanishukuru. Bi. Karin akaniwekea mkono begani. Nilitamani mmoja wao awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi. Hasira ya mwaka ule haijawahi kupata mtu wa kumkalia. Inazunguka tu ndani ya nyumba.

Tangu Jumatatu iliyofuata, mwalimu wa zamu alisimama getini na kumgeuza Kulwa sikio kabla ya kumruhusu apite. Kila asubuhi, mbele ya foleni ya wenzake. Yule tuliyemwokoa ndiye aliyeaibishwa. Niliambiwa hakulia, aliinamisha tu kichwa mwenyewe kabla hajaguswa, ili yaishe haraka. Nilipokwenda kwao mama hakunivutia kigoda. Alinijibu salamu, akaendelea kupepeta mchele. Kulwa alipita mbele yangu kama ninavyopita mimi mbele ya nguzo. Doto peke yake ndiye aliyekuja kukaa nami, akaniambia kwamba shangazi yao ana mgahawa Katoro na anahitaji mtu wa kusaidia. "Nyuma ya mlango pia tumeacha," akasema. "Kulwa akirudi hataki kusema walichosoma. Anasema anaona kama ananicheka." Mwezi wa nane akaondoka.

Mimi nikabaki na barua ya kujibu. Wale wazee walikuwa wakisubiri kujua kama mtoto wao ni mzima. Mwalimu Bundala alinielekeza maneno, nami nikayaandika kwa Kiingereza changu kinachosomeka: Kulwa aliumia mkono, barua ya pili aliandika kwa shida, sasa amepona. Baada ya wiki sita ikaja kadi yenye picha ya dubu aliyefungwa bendeji mkononi, na ndani yake wameandika wote wawili, mume kwa wino wa bluu na mke kwa wino mweusi, wakimwombea. Niliipeleka shuleni. Kulwa aliisoma, akaniuliza, "Mkono gani?" Hilo ndilo neno pekee aliloniambia muhula ule mzima. Pale ukumbini mwezi uliopita alinieleza lililofuata, ambalo sikulijua. Alipomaliza chuo cha uuguzi aliwaandikia mwenyewe, bila kupitia ofisini, akawasimulia yote. Mzee alikuwa ameshafariki. Mke alijibu kwa mkono unaotetemeka, na barua yake haikufika hata nusu ukurasa. Aliuliza: kwa nini hamkutuambia? Tungewachukua wote wawili, tena kwa furaha. Kulwa alinisimulia hayo pilau ikipoa mbele yetu, huku kijana wa suti ya kijivu akigawa vyeti, na jina lake lilipoitwa alinyanyuka, akaenda, akapokea, akapigwa picha. Aliporudi alikiweka cheti kifudifudi. "Nusu ya mwaka ule wa kwanza ni yake," akasema. "Ndiye aliyenifundisha kugawanya."

Mwezi wa kumi na mbili mkataba wangu ulikwisha na sikuomba mwingine. Kabla sijaondoka nilikwenda kwa Mama Kulwa, nikamwomba Kulwa madaftari yake ya mwaka mzima. Alinipa yote. Nilijifungia kwenye kile chumba cha pumba karibu wiki tatu, nikanakili kila somo kwenye karatasi kubwa, mwandiko wangu bora kabisa, michoro ya Biolojia kwa kalamu za rangi, moyo wenye vyumba vinne, jani lenye mishipa yake. Mama Neema alidhani nina mitihani. Kisha nikazifunga kwa kamba, nikapanda basi hadi Katoro. Nilimkuta Doto kwenye mgahawa wa mabati karibu na soko, bodaboda zikipiga honi mlangoni, na ndani wanaume waliotoka kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, wakila ugali na sato, vumbi la mawe limewapaka nyusi kama unga. Alikuwa amerefuka. Alibeba sahani nne kwa mara moja. Nikangoja hadi meza zilipopungua, nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha.

"Wa nini?" akauliza, akikaa. "Wa kuandika au wa kusema?"

"Wa yote mawili."

Alifikiri. Hakuwa na haraka ya kunifariji. "Ungeandika jina langu, dada, leo ungekuwa unamwomba Kulwa msamaha. Hilo la kuandika nimekusamehe." Akafuta meza kwa kiganja. "Hilo la sikio, bado."

Nikampa zile karatasi. Alifungua kamba, akafunua chache, akautazama ule moyo wenye vyumba vinne, kisha akacheka kidogo, akionyesha kwa kidevu masufuria, foleni, moshi. "Hapa nasoma saa ngapi?" Mteja akaita. Akaziweka juu ya gunia la unga, akaniletea sahani ya wali na maharage niliyokuwa sijaagiza, akaenda kuhudumia. Nilikula nikimtazama. Hakurudi mezani kwangu.

Mwezi wa pili nilipitia tena Katoro, nikielekea Geita kuripoti chuo cha ualimu. Basi lilisimama kupakia mizigo, nikashuka, nikakimbilia ule mgahawa. Shangazi alikuwa amempa Doto meza yake mwenyewe nje, ya maandazi na chai, na foleni ilikuwa ndefu. Hiyo meza ndiyo iliyozaa mgahawa alionao leo hukohuko Katoro, wenye wasichana watano anaowaajiri, na binti yake wa kwanza yuko kidato cha tano. Lakini asubuhi ile ilikuwa meza tu, na msichana wa miaka kumi na tano aliyeunguza vidole kwa mafuta. Nikaagiza maandazi mawili. Akayachukua kwa koleo, akararua karatasi kutoka kwenye rundo lililokuwa pembeni, akayafunga. Niliyapokea, nikaona mishipa ya jani, kijani kwa kalamu ya rangi, ikipanuka kwenye doa la mafuta. Ulikuwa mwandiko wangu. Sijui uso wangu ulikuwaje. Nilikumbuka wiki tatu za pumba, nikataka kumgombeza, mimi, nimgombeze yeye. Nyuma yangu dereva wa bodaboda alikuwa akinisukuma kwa kiwiko, akitaka chapati.

"Usinune, dada Esta," Doto akasema, akimpa yule dereva chapati yake huku akinitazama mimi. "Nilizisoma kwanza."